Shemeji anasema nifute kesi kwanza ndipo alipe. Nifanyeje?

Swali limetoka kwa msomaji wa Masasi:

"Shikamoo wakili. Mwaka 2021 nilimuuzia shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, Fuso kwa shilingi milioni 68. Alitoa milioni 30, na milioni 38 zilizobaki alitakiwa azimalize Desemba mwaka huohuo. Hakumaliza. Nimemshtaki Mahakama ya Wilaya, naye akajibu kwamba injini ilikuwa mbovu na mimi ndiye nimrudishie milioni 6 za matengenezo. Mwezi uliopita wazee wa pande zote mbili walitukalisha, tukaelewana. Nimemsamehe milioni 4, atalipa milioni 34: kumi sasa, kisha 12 na 12 akiuza korosho. Tumeandika karatasi, tumesaini, wazee ni mashahidi. Sasa anasema nikafute kesi kwanza ndipo atoe hizo kumi, kwa sababu hawezi kumpa hela mtu aliyemshtaki. Mdogo wangu kila siku ananililia. Tarehe yetu mahakamani ni mwezi ujao, na sina wakili. Nikifuta kesi halafu asilipe, naweza kurudi?"

Marahaba, mwanangu. Jibu nitalitanguliza kwa sababu tarehe yako iko karibu: usiifute. Nendeni wote wawili mbele ya hakimu na hiyo suluhu yenu, mwombe iandikwe na mahakama na iwe tuzo, yaani amri ya mahakama inayomaliza kesi. Kesi itakwisha kama shemeji yako anavyotaka, na wewe utabaki na kitu cha kushika mkononi. Sasa nikueleze kwa nini, maana najua utarudi nyumbani kuulizwa na watu watatu wanne ambao hawakusoma jibu hili.

Wazee wenu wamefanya kazi kubwa, na sisemi neno la kuipunguza. Mahakama nayo inapenda watu wapatane. Ndiyo maana mashauri ya madai hupelekwa kwenye usuluhishi kabla ya kuanza kusikilizwa, na huenda tarehe yenu ya mwezi ujao ni ya usuluhishi huo. Kama ndivyo, mmeshaifanya kazi nusu kabla hamjafika. Shida haipo kwenye kupatana. Shida ipo kwenye namna ya kuitoa kesi mahakamani baada ya kupatana, na hapo watu wetu wa kusini wengi wameumia. Nimekaa miaka mingi kwenye korido za mahakama za Mtwara na Lindi, na machozi niliyoyaona zaidi si ya walioshindwa kesi. Ni ya waliopatana vizuri, wakaiondoa kesi vibaya.

Mtaani tunasema "kufuta kesi" kwa mambo ambayo kisheria ni tofauti kabisa. Shemeji yako anapokuambia ukafute, anachokuomba ni wewe mdai uende useme, "Mheshimiwa, naomba kuliondoa shauri langu." Hilo linaruhusiwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kwenye Amri ya XXIII kanuni ya 1, inasema mdai anaweza kuliondoa shauri lake wakati wowote baada ya kulifungua. Hakimu hatakulazimisha kuendelea na kesi usiyoitaka. Lakini kanuni hiyohiyo inaendelea, na sehemu hiyo ndiyo ambayo hakuna anayekusomea: mdai akiliondoa shauri bila ruhusa ya mahakama ya kulifungua upya, hawezi tena kufungua shauri jipya juu ya jambo lilelile. Tena anaweza kuamriwa amlipe mwenzake gharama za kesi.

Isome tena hiyo, mwanangu. Ukisimama siku hiyo ukasema tu "naondoa", hakimu akaandika "shauri limeondolewa", zile milioni 38 kama deni la Fuso umezizika. Shemeji akiamka kesho akasema hana hela, hurudi mahakamani na madai yale.

Utaniambia: lakini nina karatasi ya wazee, imesainiwa. Ni kweli, na karatasi hiyo ina thamani. Ni mkataba mpya kati yenu, na unaweza kujaribu kumshtaki kwa kuuvunja huo mkataba mpya badala ya ule wa zamani. Hoja hiyo ipo na mawakili huitumia. Ila fikiria itakavyokuwa. Utafungua kesi upya na kulipa ada upya. Yeye ataweka pingamizi la awali kwamba jambo hili ulishaliondoa mahakamani na sheria inakuzuia, na mtabishana juu ya pingamizi kabla hata ya kufika kwenye hela. Wewe uliyekuwa na kesi mkononi utaanza tena mlangoni kwa kuomba uruhusiwe kuingia. Karatasi ya wazee haikaziwi hukumu, yaani mahakama haiwezi kuitekeleza kwa nguvu. Dalali wa mahakama haiendei.

Kuna mtu atakushauri uombe kuondoa kesi "kwa ruhusa ya kuifungua tena". Ruhusa hiyo ipo kisheria, lakini haitolewi kwa kuomba tu. Mahakama inabidi iridhike kwamba shauri lina kasoro ya kiutaratibu itakayoliangusha, au kuna sababu nyingine ya kutosha. "Mdaiwa ameahidi kulipa baada ya korosho" ni sababu dhaifu, na mimi nisingeweka milioni 38 juu yake. Hata ukiipata ruhusa, kanuni ya 2 ya Amri hiyohiyo inasema ukomo wa muda, yaani mwisho wa muda wa kufungua kesi, unahesabiwa kana kwamba shauri la kwanza halikuwahi kufunguliwa. Madai ya mkataba yana miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda. Kwako wewe, ukihesabu tangu Desemba 2021, miaka hiyo inaishia Desemba 2027. Ahadi za "msimu huu, msimu ujao" zinaila miaka hiyo upesi kuliko unavyodhani.

Sasa kuna jambo ambalo hukuuliza, na ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Shemeji yako, kwenye utetezi wake wa maandishi, amedai milioni 6 za injini. Hayo ni madai kinzani. Kisheria yanasimama kama kesi yake dhidi yako, ndani ya jalada lilelile. Ukiondoa kesi yako, madai yake hayaondoki pamoja nayo. Yeye anaruhusiwa kuendelea nayo. Angalia mahali unapoweza kujikuta: kesi yako ya milioni 38 imekwisha kwa mkono wako mwenyewe, na wewe ndiye mdaiwa wa milioni 6. Sisemi shemeji yako amepanga hivyo. Inawezekana kabisa hata yeye hajui. Ila mkigombana tena mwezi wa kwanza, mtu wa kumwambia hatakosekana.

Na kuna njia ya tatu, mbaya kuliko zote, ambayo huku kwetu inapendwa kwa sababu inaonekana ya kiungwana: "Tusiende tena mahakamani, kesi itajifia." Kesi haijifii. Siku wewe usipofika naye akafika, mahakama inaweza kulifuta shauri kwa kutohudhuria kwako, na hapo pia unazuiwa kufungua jingine. Kitakachobaki ni kuomba amri hiyo itenguliwe kwa kuonyesha sababu nzito ya kutofika, na "tulishapatana nyumbani" ni maneno magumu kuyathibitisha kama mwenzako anayakana. Kwa hiyo tarehe yako ya mwezi ujao uende, hata kama kutakuwa na msiba wa jirani au mnada.

Twende kwenye njia yenyewe. Kanuni ya 3 ya Amri ya XXIII inasema mahakama ikiridhika kwamba shauri limemalizwa, lote au sehemu yake, kwa makubaliano halali, itaamuru makubaliano hayo yaandikwe na itatoa tuzo kulingana nayo. Tuzo hiyo ina nguvu kama ya kesi iliyosikilizwa mwanzo hadi mwisho. Asipolipa, hufungui kesi. Unarudi mahakama ileile, jalada lilelile, na maombi ya kukazia hukumu, na mali yake inaweza kukamatwa na kuuzwa. Una miaka 12 ya kufanya hivyo. Tena tuzo ya maafikiano haikatiwi rufaa. Anayetaka kuitengua inabidi aonyeshe mambo kama udanganyifu au kulazimishwa, siyo kwamba amebadili mawazo.

Ili ufike hapo, ile karatasi ya wazee iandikwe upya kama hati ya suluhu. Iwe na jina la mahakama, namba ya shauri, jina lako kama mdai na lake kama mdaiwa. Iandikwe kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na wote wawili mnapaswa kuelewa kila neno mnalolisaini. Hapo kwenye maneno ndipo ninataka utulie.

Jambo la kwanza ni "akiuza korosho". Liondoe. Ninajua maana yake kwenu: minada huanza Oktoba, hela zinaingia kwenye akaunti ya mkulima kupitia chama cha ushirika, na kila mtu Masasi anajua nani amelipwa. Lakini hakimu anayekaza hukumu anataka tarehe. Asipouza je? Akiuza kwa jina la mwanawe? Mnada ukichelewa? Andikeni: milioni 10 siku suluhu inapoandikwa mahakamani, milioni 12 kabla au ifikapo tarehe 15 Desemba, milioni 12 kabla au ifikapo tarehe fulani ya Februari. Zipangeni tarehe zifuate msimu, mpeni nafasi ya mnada kuchelewa, ila mwaka na siku viandikwe. Na ziwe shilingi. Nimewahi kuletewa suluhu inayosema mdaiwa atamlipa mwenzake gunia kadhaa za korosho ghafi "zikiwa bado shambani". Hiyo ni hatari. Korosho ghafi huku zinauzwa kupitia stakabadhi ghalani na minada, na mpango wa kuzichukua shambani una harufu ya kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho nje ya mfumo. Sheria inataka makubaliano halali. Hakimu akiona suluhu yenu inapita nje ya utaratibu wa mazao, anaweza kukataa kuiandika, na hapo mtakuwa mmejiletea balaa jingine.

La pili ni ile milioni 4 uliyosamehe. Kama hati itasema tu "mdaiwa atalipa milioni 34", basi deni ni milioni 34 milele, hata akikusumbua miaka mitano. Andika kwamba mdaiwa anakiri deni ni milioni 38, na mdai anakubali milioni 34 kama malipo kamili iwapo awamu zote zitalipwa kwa tarehe zake. Awamu yoyote ikipita bila kulipwa, salio lote la milioni 38, ukitoa alicholipa, linadaiwa mara moja, na mdai anaweza kukazia. Hapa humwadhibu. Msamaha wako ulikuwa wa kulipwa kwa wakati, na unaandika hivyohivyo.

Kisha madai kinzani. Sentensi moja: mdaiwa anayaachia kabisa madai yake ya milioni 6, na hakuna upande utakaomdai mwenzake chochote kingine kuhusu gari hilo. Usiisahau hata kama atakuambia "hiyo imeeleweka". Gharama za kesi nazo ziandikwe kwamba kila upande utabeba zake.

Kadi ya gari hukuitaja, lakini nahisi bado iko kwa jina lako. Kama ndivyo, andikeni kwamba utamkabidhi kadi na kusaini uhamisho siku atakapomaliza awamu ya mwisho. Hadi siku hiyo ifike, yeye ndiye atakayebeba faini na ajali. Fuso linalotembea barabara ya Masasi kwenda Mtwara kwa jina la mtu asiyelimiliki tena ni mzigo, usiuache ukining'inia.

Wazee walipokaa nanyi pengine yaliingia na mengine: ile shughuli ya familia, maneno yaliyosemwa kwenye msiba, nani amwombe nani radhi. Hayo yasiingie kwenye hati. Tuzo inahusu yaliyomo kwenye shauri tu, na mahakama haitakaza hukumu ya radhi. Akitaka kuweka shamba au nyumba kuwa dhamana ya awamu zilizobaki, huo uwe mkataba wa pembeni, na mdogo wako, ambaye ni mkewe, aridhie kwa maandishi. Usikubali dhamana ya nyumba ambayo mwenye kulala ndani yake hakusaini, hasa akiwa ni damu yako. Na kama uliwahi kumripoti polisi juu ya jambo hili, usiandike kwamba utaiondoa kesi ya polisi ili ulipwe. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Si yako kuiuza.

Kwa kuwa huna wakili, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya inaweza kukuelekeza. Au mlipe wakili kwa kazi hiyo moja tu ya kuandika hati. Kwa deni la milioni 38, hiyo si hela ya kuionea uchungu.

Hati ikishasainiwa na wewe na yeye, nakala zipelekwe masijala kabla ya tarehe. Siku yenyewe fikeni wote wawili. Hakimu atawauliza kila mmoja kama hii ndiyo saini yake, kama ameelewa, kama hakulazimishwa. Mjibu kwa sauti. Mkifika usuluhishi, mpeni msuluhishi hati hiyohiyo. Hakikisha kinachoandikwa ni kwamba shauri limemalizika kwa maafikiano na hati ya suluhu ni sehemu ya tuzo. Ukisikia neno "limeondolewa", simama kwa heshima useme, "Mheshimiwa, hatuliondoi, tunaomba suluhu yetu iandikwe iwe tuzo ya mahakama." Usiogope. Mahakimu wanalijua ombi hilo vizuri. Baadaye omba nakala ya tuzo iliyothibitishwa, uiweke pale unapoweka hati za kiwanja chako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lako ni hilo.

Malipo yapite benki, na kila awamu ikiingia ipelekeni taarifa mahakamani. Deni la tuzo likilipwa nje ya mahakama bila kuripotiwa, mahakama inayokaza hukumu haiyatambui malipo hayo. Hili linamlinda yeye zaidi kuliko wewe. Mwambie.

Na hapo ndipo nitakapokuachia maneno ya kumpelekea shemeji, kwa sababu najua ugumu wako haupo mahakamani tu, upo jikoni kwa mdogo wako. Anaposema hawezi kumlipa mtu aliyemshtaki, yumkini anaogopa mambo mawili: aibu, na kulipa halafu wewe ukaendelea na kesi. La pili lina haki. Angelipa milioni 10 leo kesi ikiwa bado ipo, nini kingekuzuia kuendelea? Basi usimwambie hapana. Mwite yeye na yule mzee aliyewapatanisha, umwambie hivi: "Shemeji, kesi inaisha siku ya tarehe yetu mahakamani, kama ulivyotaka. Hatutasikilizwa, hakuna shahidi, hakuna atakayesema nani mkosaji. Wewe unaleta milioni 10 pale pale au unaonyesha risiti ya benki, mimi nathibitisha saini yangu, hakimu anaandika. Baada ya hapo siwezi kukudai senti zaidi ya tulivyoandika, na ukimaliza nakupa kadi yako."

Mkipenda, hati iseme kwamba suluhu imefikiwa bila upande wowote kukiri kosa. Kukiri deni na kukiri kosa ni vitu viwili, na mtu anayelinda jina lake mbele ya wakwe anaijua tofauti hiyo. Akikubali, mmemaliza. Akikataa hata hivyo, akashikilia kwamba lazima uiondoe kesi kwa neno lako tu na isiandikwe popote kuwa anadaiwa, basi atakuwa amekujibu lile swali ulilotaka kuniuliza tangu mwanzo, kama ana nia ya kulipa. Ikiwa hivyo, nenda tarehe yako, mweleze hakimu kwamba mlijaribu suluhu ikashindikana, na shauri liendelee.

Mdogo wako mwambie hutaki mumewe afungwe wala auziwe nyumba. Mwambie pia, kwa upole, kwamba Fuso lile ulilinunua kwa jasho lako, na kulidai si kumchukia.